Isale la Mpakani

Kila asubuhi nikimaliza sala huzunguka kihamba changu, shamba la nyumbani. Namjulia hali ng'ombe, kisha naingia kwenye migomba na kuisifu yenye mikungu mizuri. Siku moja mjukuu wangu wa kike, anayefanya kazi katika maabara ya hospitali mjini Moshi, alinikuta katikati ya mazungumzo hayo.

"Babu, unaongea na ndugu zako?"

"Ndugu gani tena?"

Akageuza ndoo, akaikalia, akanieleza habari za vinasaba: kwamba mwilini mwetu mna kama maandishi tuliyorithi kwa wazazi. Ng'ombe wangu anayo, na mengi yanafanana na yangu. Ya mbega wa msituni yanafanana na yangu zaidi. "Hata mgomba huo, babu, kuna mahali mnafanana."

Nimefundisha vijana wa kipaimara kanisani miaka mingi, na sioni ajabu Mungu kuandika viumbe vyake vyote kwa alfabeti moja. Nilifurahi hata nikaupigapiga mgomba mgongoni, kama una mgongo.

"Na watoto wa baba na mama mmoja?" nikauliza.

"Hao ndio wamekaribiana hasa." Akatazama upande wa pili wa mpaka. "Ila mgomba unausalimia, babu mdogo humsalimii."

Mpaka kati yangu na mdogo wangu ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu niseme ameyasogeza, naye aseme ni mimi. Mimi mkubwa nilikuwa nikingoja shikamoo yake. Kila Jumapili nilisoma Neno mbele ya watu, nikarudi nyumbani nikipita mlangoni kwake kimya. Sote tuna mvi. Niliogopa mmoja wetu atazikwa kabla hatujaongea.

Mchana huohuo nikakata jani la isale, nikalifunga fundo. Kwetu Wachaga anayeomba msamaha hubeba jani hilo, na ni vigumu kumfukuza aliyelishika. Nikazunguka kupitia barabarani mpaka kwake. Alikuwa uani ananoa panga.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

Akalitazama lile jani.

"Umelikata wapi?"

"Pale mpakani."

"Upande gani?"

Nikageuka kutazama mpakani. Kwa haraka yangu nilikuwa nimekata la karibu, bila kuangalia.

"Kwa hiyo, kaka, umeniibia isale langu uje kuniomba nalo msamaha?"

Shemeji, mke wake, ndiye aliyeanza kucheka, huko jikoni. Kisha mdogo wangu naye akacheka, mabega yakimpanda hadi masikioni, kama alivyokuwa akicheka marehemu baba. Nami yangu yalikuwa yameshapanda.

Akapokea jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

Shemeji akatuletea mtori, supu yetu ya ndizi. Nilipomaliza kushukuru, nikawaambia kwamba hata ndizi tunazokula ni ndugu zetu, wa mbali kidogo.

"Ndugu yetu ameiva vizuri," akasema mdogo wangu, akaongeza bakuli la pili.

Asubuhi yake nilimsikia ng'ombe akiulizwa habari za kulala na sauti isiyo yangu. Mdogo wangu hakuzunguka barabarani. Alikuwa amepita katikati ya masale, palepale nilipokata.