Siku Eneo la Kutendua Lilipojaa

Mkuu wangu wa kitengo alikuwa mtu wa kuning'iniza kitambulisho shingoni hata akienda kunywa chai. Tulifanya kazi pamoja Rwamishenye, mjini Bukoba, kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa, na kwa miaka mitatu nilimdharau bila kupumzika. Nilidharau vyeti alivyovitundika ukutani, vyote vya semina za siku mbili. Nilidharau alivyotamka neno "mfumo", kana kwamba ameuzaa yeye.

Mimi nilitunza kanzidata, yaani daftari la kwenye kompyuta lenye majina ya wakulima wetu wa Bukoba na Muleba, vibanja vyao vya kahawa na hesabu ya mibuni yao. Msimu wa miche ukifika, asiyeandikwa humo hapati hata mche mmoja. Sharti hilo alilitunga mkuu.

Masika fulani tulitarajia wageni. Mkuu alitaka kuwaonyesha orodha ya wakulima ukutani kwa projekta, akaona majina hayapendezi. Akaamua yote yaandikwe kwa herufi kubwa. Hakuniuliza. Aliingia mwenyewe kwenye kanzidata mchana, akabadilisha maelfu ya majina, hakuridhika, akayarudisha, akayabadilisha tena. Kisha akaenda zake nyumbani Kagondo bila kuthibitisha chochote, na asubuhi akaendelea pale pale alipoachia.

Ukibadilisha kitu kwenye kanzidata, maandishi ya zamani hayatupwi hapo hapo. Yanawekwa pembeni, mahali tunapopaita eneo la kutendua, ili ukighairi yaweze kurudishwa. Yanashikiliwa huko mpaka useme umemaliza. Usiposema, yanazidi kurundikana. Eneo hilo likijaa, hakuna mtu mwingine anayeweza kuandika jambo jipya.

Saa mbili asubuhi niliona onyo kwamba linakaribia kujaa. Nikatafuta anayelijaza, nikakuta ni yeye. Ningeweza kuliongezea faili jingine kwa dakika tano, maana diski ilikuwa na nafasi. Sikuongeza. Nilimimina chai nikangoja. Nilitaka aaibike mbele ya wageni wake.

Saa nne simu ikalia kutoka Muleba. Alikuwa karani wetu wa kule, mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Dada, naandika mkulima mpya, inakataa. Wote inawakataa. Uwanja umejaa watu waliofuata miche."

Nikaenda ofisini kwa mkuu. "Mkuu, Muleba wamekwama. Kuna kazi yako haijathibitishwa, ndiyo imejaza eneo la kutendua."

"Mimi? Mimi nilikuwa naangalia tu."

"Imeanza jana saa nane mchana. Jina lako hili hapa."

Akavaa miwani, akasogea kwenye kioo cha kompyuta, akasoma jina lake mwenyewe taratibu. "Hilo ni tatizo la mtandao," akasema.

Nikamwonyesha lile onyo. Akauliza, "Hilo eneo lina nini ndani?"

"Maandishi ya zamani."

"Basi ni takataka. Futa faili lote."

"Nikilifuta, huenda kanzidata isifunguke tena."

"Wewe unapenda sana kutisha watu."

"Niandikie kwenye karatasi kwamba umeniamuru, uweke sahihi. Nitafuta sasa hivi."

Hakuandika. Alinyanyuka, kitambulisho kikimgonga tumboni, akaingia chumba cha seva na kubonyeza kitufe cha kuzima. Alipowasha, kanzidata ilichukua muda mrefu kufunguka. Ilipofunguka ikaanza kurudisha majina yake yote kama yalivyokuwa, moja baada ya jingine. Kazi kama hiyo haiharakishwi kwa kelele. Yeye alipiga kelele. Aliona inakawia, akazima tena, akawasha tena. Wageni walifika wakaonyeshwa ukuta mtupu, wakapewa soda.

Ndipo nikaongeza lile faili. Saa tisa nikampigia karani nikamwambia aendelee.

"Niendelee na nani?" akajibu. "Mvua imewatawanya. Miche wamechukua waliokuwa wameandikwa zamani. Imekwisha."

Kesho yake nilikwenda Muleba mwenyewe. Kwenye benchi la ofisi ya karani alikuwa ameketi bibi mmoja, kitenge bado kibichi. Karani alinieleza kwamba jana bibi huyo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mumewe alikufa, na baada ya mvutano mrefu na shemeji zake alibaki na kibanja. Alikuwa amekuja kuandikwa kwa jina lake mwenyewe, si "mke wa fulani".

Nilimwandika. Iliingia mara moja.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea jina lake, kijiji chake, na mibuni yake, ambayo mingi ilikuwa imezeeka.

"Na miche?"

"Miche imekwisha, bibi. Mpaka msimu ujao."

Aliangalia mikono yake, kisha akaniangalia mimi. "Karani anasema mashine iliharibika Bukoba. Nani aliiharibu?"

"Mkuu wangu," nikasema.

"Ni mpumbavu?"

"Sana, bibi."

Akatikisa kichwa kunihurumia, kwa kufanya kazi na mtu wa namna hiyo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kunishukuru. Karani alikuwa akinitazama. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba mpaka bibi alipotoka.

Ripoti ya mkuu ilisema hitilafu ya mtandao. Niliisoma nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo ya mtunza kanzidata, nami niliweka sahihi bila kuandika neno.