Plasta Nyeusi ya Baba

Nilikuja Endasak kwa likizo nikamkuta baba na plasta nyeusi iliyozunguka kidole gumba cha mguu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akicheka, kisha akanisogezea mguu niuone vizuri.

"Grafini," alisema. "Ile ya kwako."

Aliinunua mnadani Katesh. Baba ana sukari muda mrefu, na kwenye kile kidole alikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Nikamuuliza kuhusu vidonge. Akasema ameviacha, maana mwuzaji alimwambia plasta haipatani na dawa za hospitali.

Mimi nasomea grafini chuo kikuu, na nyumbani hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kabla sijalitaja kwenye simu. Ni utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja tu, atomi zimeshikana kwa pembe sita kama sega la nyuki. Kazi yangu ni kuangalia mahali penye kasoro. Atomi moja ikitoka, zile za kandokando ya pengo hazitulii. Mbili huvutana zikashikana, ya tatu hubaki bila mwenzake, na wakati mwingine atomi ngeni, ya silikoni kwa mfano, huja kukaa palepale. Picha zake ninazo kwenye simu, zimepigwa kwa hadubini kubwa za nchi za mbali.

Jioni nilimwonyesha baba moja. Aliisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Hili tundu umelitoboa wewe?"

"Hapana, baba. Limetokea. Sisi tunatazama zile za pembeni zinajipangaje."

"Halafu linatibu nini?"

"Halitibu kitu. Na hiyo plasta haitibu. Sidhani hata kama ina grafini ndani."

Alinirudishia simu. "Miaka yote hiyo mnatazama tu?"

Mama, aliyekuwa akichambua maharage, akaniambia taratibu kwamba siku ile mnadani baba alisimama mbele ya watu akatangaza kuwa binti yake ndiye anayesomea kitu kile. Majirani wengi walinunua kwa neno lake.

Asubuhi niliibandua ile plasta kwa maji ya uvuguvugu. Harufu iliyotoka ilimfanya mama atoke nje. Kidole kilikuwa cheusi, na baba alikuwa hasikii maumivu yoyote. Hilo ndilo lililonitisha. Tulimpandisha bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia, hadi hospitali. Walikata kidole hicho na kile kilicho kando yake. Daktari alisema tungechelewa zaidi ungekwenda mguu.

Wodini baba alimeza vidonge vyake akiwa ameugeukia ukuta. Siku ya kuruhusiwa ndipo aliponiuliza, bila kunitazama, "Wale wengine wanazo bado?"

"Wanazo."

"Basi nipeleke."

Mnadani hatukumkuta yule mwuzaji. Walisema amehamia minada mingine. Kwa hiyo tulizunguka nyumba kwa nyumba, baba akiegemea fimbo, akifungua bandeji kila mahali ili waone. Ilikuwa vigumu kumtazama. Mtu ambaye hakupenda hata kuonekana bila viatu, sasa anawaonyesha majirani mguu wake kama anayeomba radhi. Wengine walibandua palepale. Mmoja alilia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane anayeishi karibu na kanisa. Alikuwa na plasta kwenye magoti yote mawili, na presha pia, na vidonge vyake alikuwa amempa shemeji yake. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, akatutengea viti, akatuletea chai.

"Pole sana, mzee," alisema. "Lakini wewe ulichelewa kuinunua. Mimi niliiwahi." Kisha akanigeukia. "Na wewe mwanangu, Mungu akubariki kwa kutuletea kitu hiki."

Nilianza kumweleza. Alitikisa kichwa kwa upole, akaniongezea chai.

Mpaka ninaondoka kurudi chuoni alikuwa hajazibandua. Baba ananipigia kila Jumapili akitoka kanisani kuniambia bado anazo.