Siku Niliyofunguliwa Kama Robota Kliniki

Jamani, mkasa huu nausimulia kwa sababu wote waliokuwepo wameshausimulia, kila mmoja na chumvi yake, sasa afadhali muusikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Tulikuwa tunakaa Nachingwea, mume wangu akiendesha trekta kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, nami nimejifungua mtoto wetu wa kwanza, Hassani. Siku arobaini zote mama mkwe hakunipa nafasi hata ya kupumua: asubuhi uji wa karanga, mchana supu ya kuku, jioni uji tena ("kula, mwanangu, unalisha watu wawili"). Nilipotoka ndani nikajaribu gauni langu la maua mekundu, nililotaka kulivaa kwenye harusi ya mdogo wangu kule Nkowe baada ya wiki mbili. Likakwama kiunoni. Nikalivuta, mshono ukalia tyaa!

Hapo ndipo nilipofanya kaujinga kangu. Jirani yangu Binti Saidi, ambaye mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu, akaniambia memsabu wao, mke wa Mzungu huyo, akitaka kupungua hunywa maji ya ndimu tu. Nikasema, kwani mimi si mwanamke? Basi uji wa mama mkwe nikawa nawamwagia kuku nyuma ya nyumba (wakanenepa kuku wale, jamani!), mimi nakunywa ndimu, na tumboni nimejizungushia kitambaa cha marekani yadi sita, nimekikaza hata kucheka siwezi.

Siku ya tisa Hassani akawa ananyonya, anaachia, analia. Mama mkwe akasema, "Mtoto huyu ana jambo. Twende kliniki."

Benchi lilijaa kina mama. Nesi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, akampima Hassani, akatazama daftari.

"Amepungua. Mama, unakula nini?"

"Nakula kila kitu, nesi. Uji, kuku, kunde..."

"Anakula sana," mama mkwe akadakia. "Uji namkorogea mwenyewe."

"Haya, na wewe panda kwenye mizani."

Nikapanda, na jua lile, na njaa ile, na marekani imenibana mbavu, macho yakaingia giza nikaanguka kama gunia. Nilipozinduka nesi ameshika ncha ya kitambaa anavuta, nacho kinakuja tu, kinakuja tu, mimi nabiringishwa sakafuni huku na huku.

"Huyu ni mzazi au robota la kitambaa dukani?" akauliza, na benchi zima likaangua kicheko.

Mama mkwe hakucheka. "Na uji wangu?"

"Kuku, mama," nikasema. "Wamekula kuku."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilipomwona Hassani amelala pale mezani, mbavu zake zinahesabika, aibu ikanitoka nikashikwa na hofu tupu. Nikalia. Nesi akaniletea bakuli la uji, akakaa karibu yangu, na safari hii akasema kwa sauti ya chini. "Tumbo limetanuka miezi tisa, nalo lipe miezi kurudi. Kula ugali wako wa mtama kwa kiasi, kunde, kisamvu, samaki akipatikana. Mafuta na sukari punguza, ukipata nguvu tembea. Ila anayenyonyesha hashindi na njaa." Akamgeukia mama mkwe. "Na wewe, mama, usimshindilie kama unajaza ghala."

Mama mkwe akainama. Njia nzima ya kurudi alimbeba Hassani yeye, na jioni aliniletea kunde na kisamvu, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Maziwa yalirudi, mtoto akajaa mashavu. Nkowe nilikwenda nimejifunga khanga badala ya gauni, na habari zilikuwa zimenitangulia, maana hata bibi harusi, mdogo wangu wa tumbo moja, aliniamkia, "Shikamoo, Bi Robota!" Kiuno kilirudi polepole, sehemu yake tu, nyingine mpaka leo sijaiona.

Nimezaa wengine wanne baada ya Hassani. Kila nikitoka ndani hakosi mtu wa kuniambia, "Mama Hassani, umenenepa!" Namjibu, "Ndiyo, mama, na mtoto kanenepa pia," halafu naendelea kutafuna.