Mikate ya Barka

Barka hakuacha kutembea upande wa jua. Kivuli alimwachia aliyefuatana naye, na mkono wa kulia aliuinua kidogo, kama bado ameshika mti wa shiraa, lile pazia walilolibeba wajakazi ili mabibi wa Amu, mji wa Lamu, wapite wasionekane. Miaka kumi na miwili alimbebea bibi yake, Mwanamkisi. Serikali ilipofuta utumwa, alibaki jikoni mwa bibi huyo, kwa ujira.

Mwaka wa 1911 Bwana Jeilani, aliyewahi kuchochea makaa melini, alifungua darasa mtaani Wiyoni. Alifundisha mambo ya watu: nani hulima, nani hula, na kwa nini. Wanawake walifundishwa na mkewe, Bi Nana, kila Jumatano. Muungwana na aliyekuwa mtumwa walikalia mkeka mmoja, na hakuna aliyekaa kabla ya kutaja kazi aliyoifanya kwa mikono yake siku hiyo.

Mwanamkisi ndiye aliyemshawishi Barka waende pamoja. Siku ya kwanza Mwanamkisi alifika na kikapu cha mikate ya mofa.

"Haya, binti wa majumba makubwa," Bi Nana akamtania, "mikono hiyo ya hina leo imefanya nini?"

Wanawake wakacheka. Mwanamkisi akaona haya, neno likamtoka: "Nimeoka mikate hii."

"Wee! Umetia mkono kwenye mofa, mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Wakapiga vigelegele. Barka alikuwa nyuma yake, kiganja kimefungwa kitambaa; alikuwa ameungua alfajiri akibandika madonge kwenye lile jiko la udongo. Zamu yake ilipofika alisema, "Mimi leo sikufanya kitu," akakaa ukingoni. Jumatano iliyofuata hakuja. Mwezi ule ule aliacha kazi, akahamia Kililana, ng'ambo ya bara, kulima ufuta.

Mwanamkisi aliendelea kuhudhuria. Kila Jumatano alijiambia leo atasema. Kila Jumatano mtu aliitaja ile mikate, naye akatabasamu. Vita vikaja, darasa likafungwa, na hakuwa amesema.

Mwaka wa 1917 alivuka kwenda Kililana. Alimkuta Barka akipepeta ufuta, kovu kiganjani.

"Mikate ile ilikuwa yako," alisema, macho chini.

"Naijua mikate yangu."

Barka alimpa maji. Kisha akamsindikiza hadi kwenye mashua, yeye upande wa jua, mkono ameuinua. Hawakuonana tena.

"Nalingoja useme pale mkekani," Barka alimwambia walipokuwa njiani. "Basi pita kivulini, Bi. Jua kali."