Miaka Yangu ya Kupoza Matusi

Siku ya kwanza kazini nilivaa sketi ya shule, kwa sababu mama alisema ndiyo nguo yangu pekee inayofanana na serikali. Nilikuwa grade eight. Leo niko grade eleven na nimestaafu. Nyinyi wadogo zangu mnaosema Kiswahili nyumbani, Lingala kanisani na Kizulu kwenye taxi, mtakuja kuitwa kufanya kazi hii. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa zama zetu.

Kituo changu kilikuwa ukumbi wa nyuma ya kanisa moja pale Greyville, Durban. Kila Jumapili baada ya ibada Wakongo walikutana humo kujadili namna ya kuiunganisha nchi baada ya vita. Watu wa Mashariki, wenye Kiswahili, walikaa upande wa dirisha. Watu wa Magharibi, wenye Lingala, walikaa upande wa mlango. Katikati iliachwa njia, na njiani nikasimamishwa mimi, mkalimani. Wanalia nchi imegawanyika, eish, na mpaka wameuchora wenyewe kwa viti vya plastiki.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Prezida wa kikao, mtu wa Mashariki mwenye duka la kutengeneza simu. Aliniita pembeni kwa jina lao la kila binti mdogo.

"Petite, unajua kazi yako?"

"Kutafsiri, Papa."

"Hapana. Kutafsiri kila mutu anaweza. Kazi yako ni kupoza. Ule akisema moto, weye unatoa vuguvugu."

"Lakini Papa, si unasikia Lingala? Juzi umegombana na mteja kwa Lingala dukani."

"Dukani ni dukani. Hapa tuko mu kikao."

Ufundi wote umejificha hapo. Karibu kila mtu ukumbini alisikia lugha zote mbili. Makamu, bosi wangu wa pili, kinyozi kutoka Magharibi, kila Jumamosi alinunua mandazi kwa mama yangu kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula. Lakini kikaoni kila mwanaume alishika lugha ya kwao kama bendera, na sheria ilikuwa hii: neno ambalo mkalimani hajalitoa, halijasemwa.

Basi Makamu anasema, "Nyinyi wa Mashariki ndio mliowafungulia wavamizi mlango." Ukumbi mzima umesikia. Shingo zinavimba upande wa dirisha. Halafu wote wananigeukia, nami natamka, "Ndugu Makamu ana wasiwasi juu ya usalama wa mipaka." Shingo zinashuka. Prezida anajibu habari za mipaka. Yeye naye akisema, "Sisi tulikuwa tunazika, nyinyi huko mnacheza dansi," mimi nawageuzia wa mlangoni, "Ndugu Prezida anausifu utamaduni wenu." Wanapiga makofi. Huko ndiko kupoza.

Nilikuwa hodari, sina haja ya kujificha. Kilichonichoma ni kwamba mwisho wa kikao walisimama kifua mbele, wakasoma komunike, yaani tangazo la maazimio, kwamba wamepiga hatua kuelekea umoja wa taifa. Wamepiga hatua gani? Umoja ule niliupika mimi mdomoni mwangu, na homework yangu ya maths imelala nyumbani.

Kisha akafa mume wa Mama Bijou. Yeye mume alikuwa wa Magharibi, mke wa Mashariki, msusi, na waliishi mtaa wa Glenwood kwenye chumba kimoja kati ya vyumba vya wanafunzi. Hospitalini mume aliomba jambo moja tu: matanga yake yawe mamoja, pande zote zikae pamoja. Matanga ni neno lililoko kwenye Kiswahili na kwenye Lingala pia. Halihitaji mkalimani.

Mama Bijou alilileta ombi lile kikaoni, mazishi yakiwa kesho yake. Aliketi chini kwenye mkeka, kama mfiwa anavyoketi. Wakubwa walikaa vitini juu yake, wakajadili.

"Marehemu ni wa Magharibi," alisema Prezida. "Sisi tutatuma mujumbe."

Makamu akajibu kwa Lingala: "Huyo alituacha siku aliyooa. Na mwanamke wake si Mkongo. Pua yake inatosha kuwa pasipoti ya wavamizi."

Wote wakanigeukia kungoja vuguvugu, na Prezida akanitikisia kichwa kidogo, kama kocha. Nilikuwa nalo tayari kwenye ulimi: Ndugu Makamu anaomba muda wa kutafakari. Ndipo nikaona Mama Bijou naye amenigeukia. Maisha yote ya ndoa yake amesema Lingala na mumewe. Alikuwa amesikia kila neno, na sasa alikuwa ananingoja nimwambie hakusikia.

Nikalitoa neno la Makamu lote, na pua yake na pasipoti yake.

"Petite," alisema Prezida polepole. "Rudia muzuri."

Nikarudia vilevile, kwa sauti ya juu zaidi.

Mama Bijou akasimama, akamtazama Makamu, akasema naye kwa Lingala. "Ulipofika Durban ulilala sakafuni kwetu. Pua hii ndiyo iliyonusa kama pondu yako ya majani ya muhogo imeiva. Kesho njoo ubebe jeneza, au usije. Lakini mume wangu usimwite tena ndugu."

Nikafungua mdomo niwageuzie wa dirishani. Akaniwekea mkono begani.

"Acha, mwanangu. Banasikia bote."

Wanawake wa upande wa mlango wakainuka, wakavuka njia, wakakaa naye mkekani. Wa dirishani wakafuata. Wanaume wakabaki vitini. Prezida akakohoa, akauliza kama kikao kinaweza kuendelea na ajenda ya umoja wa taifa. Haki ya Mungu, wakaendelea. Mimi nikachukua begi langu.

Kesho yake jeneza lilibebwa na wanaume wachache wa pande zote mbili. Prezida alifika amechelewa. Makamu hakuja.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila saa ya ukutani wala hotuba. Jumamosi iliyofuata Makamu alikuja kwa mama, Kiswahili chake kimenyooka vilevile.

"Petite, nipe mandazi ya moto. Na kesho urudi kazini. Batu banagombana sana bila weye."

Nilimtazama usoni.

"Samahani, Papa, sijasikia kitu. Ngoja nikuitie mkalimani."

Nikaendelea kugeuza mandazi kwenye mafuta, naye amesimama pale pale.