Siku Kwaya Ilipowasahau Ndege

Safari nzima ilitugharimu shilingi elfu ishirini na jogoo mmoja mwekundu, na kwa maoni yangu jogoo ndiye aliyekuwa ghali. Nauli iliyotangazwa kanisani ilikuwa elfu kumi na tano kwa kichwa. Lakini bibi yangu mzaa baba, ambaye kwetu Chonyonyo tulimwita Kaaka, hakuwahi kulipa bei iliyotangazwa ya kitu chochote tangu abatizwe. Alimwambia mwenyekiti wa kwaya kwamba yeye ni mifupa na mimi ni kifaranga, na tukipandishwa wote wawili kwenye mzani wa kahawa hatumfikii mtu mmoja wa sauti ya nne. Mwenyekiti alicheka. Anayecheka katikati ya mapatano ameshashindwa. Hilo nilijifunza siku hiyo, na limenilisha hadi leo.

Nimeyakumbuka haya juzi, nikiwa gulioni nabishania bei ya mikungu ya ndizi, korongo wawili wenye taji walipopita juu yetu wakilia. Mnaijua sauti yao: kama mlango wa zamani unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Watu wote waliinua macho, hata yule niliyekuwa nabishana naye. Mimi niliinama. Mpaka leo nikimsikia korongo nahisi kuna mahali nachelewa.

Sababu ni mama yangu. Baba alifariki nikiwa na miaka sita, na matanga yalipoanuliwa tu, mama na Kaaka wakaanza kugombana juu ya kibanja: nani avune kahawa, nani auze ndizi, nani alimpenda marehemu zaidi. Maneno yalisemwa ambayo sikuyasikia yote, kwa kuwa nilitumwa kuteka maji kila yalipoanza. Mwaka ule nyumba yetu haikukosa maji hata siku moja. Mwishowe mama alifunga nguo zake katika kitenge, akaenda Bukoba kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ya tajiri mmoja. Mimi nilibaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo, na ukoo ulikuwa Kaaka. Misimu miwili ya kahawa ikapita bila kumwona.

Ndipo kwaya ikatangaza safari. Mgeni wao alikuwa kijana kutoka Singida, Dezidery, aliyesomea mambo ya wanyamapori na aliyeamini kwa moyo wote kwamba watu wa Karagwe wamekaa na utajiri wa ndege bila kujua. Mpango wake ulikuwa mzuri kwenye maneno: basi liondoke alfajiri, tutazame ndege nyikani na kwenye mafunjo ya Mto Kagera, na ikifika saa sita tuwe Bukoba ufukweni, tuingie majini. Habari zilimfikia mama. Akapiga kwenye simu ya jirani, na nilimsikia kwa muda wa vocha ya mia tano. Mwajiri wake angempa ruhusa kuanzia saa sita hadi saa tisa, si zaidi. Angesimama pale barabara inapoishia mchangani, amevaa gauni la njano.

Nilimpelekea Kaaka habari hiyo akiwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia," alisema.

Kesho yake akaenda kulipia nafasi mbili badala ya moja. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, kwamba anakwenda kama askari, asije akaniacha nikabaki huko na mwanamke yule.

Tuliondoka giza likiwa bado limelala migombani. Basi lilinuka dizeli, maandazi na mafuta ya nazi ya akina mama wa sauti ya kwanza. Wanakwaya walikuwa na majoho yao, maana kwaya yetu haikuweza kwenda popote bila kutishia kuimba. Barabara ile wakati huo ilikuwa ya vumbi na makorongo, kabla ya lami, na kila tulipopita shimo kichwa changu kiligonga kioo. Nilimwuliza kondakta saa. Baada ya muda nikamwuliza mtu mwingine, nione kama majibu yanalingana.

Mpaka tunapita Kihanga tulikuwa tumesimama mara mbili tu, na mara zote mbili kwa ajili ya korongo. Dezidery alikuwa na darubini moja, ikazunguka mikono yote ya basi. Kila mtu alitazama, akasema "Aisee!", akaipitisha. Mimi niliitazama saa ya mkononi ya Dezidery.

Kisha jua likatoka, na juu ya kilima cha nyasi tukaona ndege wengi ajabu: mwewe, korongo wa miguu mirefu, na wengine weupe ambao hata Dezidery aliwataja kwa kusitasita. Walikuwa wakizunguka, wakishuka, wakipanda. Alipiga bati la basi kwa furaha.

"Simama, dereva! Simama! Jamani, hii ni bahati. Miaka mitatu chuoni sijaona kundi kama hili!"

Basi likasimama. Watu wakabandika nyuso kwenye vioo. Kimya kilikuwa kizuri, karibu kama cha ibada, mpaka Mama Adelina, kiongozi wa sauti ya pili, alipouliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei kabla wengine hawajaona bidhaa:

"Kaka Dezi, hao ndege wanakula nini?"

Dezidery alisogeza darubini. "Wadudu fulani. Kama panzi, wa kijani. Wengi sana, nyasi zote zinacheza."

Sijaona tena maishani mwangu basi likimwagika watu vile. Wengine walitokea madirishani. Ulikuwa Novemba, mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima, na senene walikuwa wameshuka usiku, kilima chote. Mtu wa Kagera unaweza kumzuia kwa mambo mengi, lakini si kwa senene walio kwenye umande, mabawa yamelowa, hawawezi kuruka. Walikosa vyombo, wakafunga mikono ya majoho ya kwaya mafundo yakawa magunia. Mwenyekiti alijaza kofia yake, halafu akaja kuiomba ya Dezidery.

"Wanakwaya!" Dezidery alilia. "Tazameni juu! Kulia kwenu kuna mwewe!"

"Mwewe tutamwona kesho," walimjibu. "Senene ni leo."

"Na hiyo darubini, kaka, niazime kidogo," alisema mtu wa sauti ya nne. Dezidery akampa kwa matumaini. Yule bwana akaipima nyika yote taratibu, kisha akapiga kelele kwa wenzake: "Wamejaa zaidi kule bondeni!"

Nilikimbilia kwa dereva. Nilimkuta ameinama, chupa ya maji imejaa senene hadi nusu.

"Shikamoo. Tunachelewa."

"Marahaba, mwanangu. Kweli kabisa, tunachelewa," alisema bila kuinuka. "Lakini na mimi nina nyumbani."

Nikamtafuta Kaaka. Yeye ambaye magoti yake yalimfanya apande ngazi za kanisa kwa awamu, alikuwa mbele ya wote. Kitenge chake alikifunga shingoni kama mfuko, na mikono yake ilikuwa inatembea kwenye nyasi kama inapiga kinanda. Nilimvuta gauni.

"Kaaka, saa! Mama ataondoka!"

"Saa hailiwi," alinijibu. "Okota."

Sikuokota. Niliketi kwenye ngazi ya basi, nikawatazama watu wazima arobaini wenye furaha, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumhamisha. Mtoto akilia hupewa maandazi. Nilipewa maandazi.

Tulipoondoka jua lilikuwa limeshakausha umande, na ndicho kilichowarudisha, si mimi. Nilidhani sasa tutakimbia. Lakini wanakwaya waliona aibu mbele ya Dezidery, wakasema kwa heshima yake lazima tusimame na kule mtoni, tena kwa utulivu, tusimvunje moyo kijana wa watu. Kwa hiyo tulisimama kwenye mafunjo ya Kagera, tukaoneshwa mnandi anayeanika mabawa kama nguo, na mdiria wa rangi ya buluu ambaye, nakubali leo, alikuwa mzuri kama kito. Siku hiyo nilitamani awe supu.

Safari yote iliyobaki Kaaka aliwanyonyoa senene wake. Miguu, mabawa, miguu, mabawa. Vikianguka sakafuni vinanata kwenye viatu. Harufu yake mnaijua, ya nyasi mbichi na kitu cha chumvi. Aliniwekea konzi moja mapajani, nikanyonyoa huku machozi yanachuruzika, kwa kuwa mikono ilihitaji kitu cha kushika. Aliwapekua tena niliowamaliza, akarudia waliobaki na bawa. Mwenye roho nyingine angeniambia neno. Yeye alisema, "Huyu hujammaliza."

Ziwa liliibuka ghafla chini ya mlima, jeupe, pana kuliko akili yangu, na watu wakashangilia wakaanza wimbo. Mimi nilitafuta njano.

Saa tisa ilikuwa imeshapita. Mama alikuwepo, lakini ameupa mgongo mchanga: mguu mmoja tayari juu ya pikipiki, mwendeshaji anaiungurumisha. Niliruka kabla basi halijasimama vizuri. Nililia jina lake, yaani nililia "Mama!" na wanawake wengi wakageuka kabla yake.

Aligeuka. Aliposhuka kunipokea, macho yake yalinipita, yakaenda nyuma yangu. Kaaka alikuwa anakuja, anachechemea mchangani, amekumbatia kitenge kilichovimba. Mama akapiga magoti palepale, gauni la njano likazama mchangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kaaka alihema. "Umekonda."

Kisha akamnyooshea kile kitenge kwa mikono miwili. Mama akarudisha mikono yake nyuma kama vile ameoneshwa moto.

"Hapana, mama. Si vizuri hivyo. Hapana."

"Pokea. Mikono imechoka."

"Mama..."

"Nimewanyonyoa mwenyewe. Na mtoto amesaidia. Pokea, mwanangu."

Mama akapokea, akainamisha uso juu ya ule mzigo. Kaaka akamshika kichwa. Mwendeshaji alipiga honi. Mimi nilikuwa katikati yao, kama kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Mama aliponikumbatia, mkono wake ukinuka vitunguu, ilikuwa kidogo sana, kisha pikipiki ikampandisha barabarani, mzigo mapajani. Sikuingia majini. Wenzangu waliogelea na majoho yenye harufu ya senene, Dezidery akawaonesha shakwe, nami nilikaa nikimchukia Kaaka kwa utaratibu: ameniibia asubuhi, na hata zile dakika alizoniachia amezitumia yeye.

Mama alirudi nyumbani kabla mvua za masika hazijaanza. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Alilala chumba chake kilekile, wakavuna kahawa pamoja, na mimi nikaacha kuteka maji kupita kiasi.

Nilipoolewa ndipo nikafundishwa. Kwetu senene hupanda, hawashuki. Mke ndiye huwakusanya, akawanyonyoa, akawapelekea mumewe na mama mkwe wake. Na enzi za kina Kaaka mwanamke aliwapokea tu, hakuruhusiwa hata kuwaonja. Nilipiga magoti na kikapu changu cha kwanza mbele ya mama mkwe wangu, na mikono ikaniganda hewani, maana nilimwona Kaaka mchangani, amesimama mahali pa mkwe, anampa mkwe. Mwanamke aliyekuwa hajui kusema samahani kwa Kiswahili wala kwa Kinyambo alikuwa ameipata njiani, kwenye nyasi, na hakuwa tayari kuiacha kwa sababu ya saa.

Ningependa kuishia hapo, ila hesabu haijakaa sawa. Mwaka huu mama amenieleza kilichobaki. Alifika kwa mwajiri wake amechelewa. Mama mwenye nyumba alisema maneno yake, akakichukua kile kitenge, akawakaanga senene wote kwa ajili ya wageni wa jioni. Mama aliosha kikaango. Hakuonja hata mmoja. Na Kaaka alipomwuliza, siku ile aliporudi nyumbani, kama walikuwa watamu, mama alijibu walikuwa watamu mno, amewakaanga kwa mafuta yao wenyewe, na kitunguu kidogo, na amekula akamkumbuka marehemu.

Kaaka sasa ni mzee sana. Hatoki kitandani, anakula vijiko viwili vya uji, siku nyingine kimoja. Wiki iliyopita alimwita mama, akamwambia kuna kitu kimoja tu anakitaka, naye hajawahi kukionja maisha yake yote: senene, waliokaangwa vilevile kama mama alivyowakaanga siku ile ya ziwani. Hivyohivyo, alisema, usibadilishe kitu. Mama amenipigia simu usiku akilia. Anaogopa kukaanga uongo, na anaogopa kumwambia ukweli mtu ambaye amebakiwa na vijiko viwili. Mimi nimezoea kupatana bei na yeyote, lakini hapa sioni pa kuanzia. Msimu umeshaingia, senene nimewanunua, wamelala kwenye beseni wamenyonyolewa. Ninyi mliolea wazee wenu, niambieni: tumkaangie, au kwanza tumwambie?