Masomo Yaliyopanda Kanzenze

Daftari lile lilinuka vitunguu majani. Lilishuka kutoka Kanzenze kila Jumanne na Ijumaa ndani ya kikapu cha Mama Furaha, muuza mboga wa sokoni Gisenyi, na nilipolifungua nyumbani kwetu Nengo, mjini humo, kando ya cherehani ya mama, harufu yake ilijaa chumba kizima. Lilikuwa la binamu yangu Vestina. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Huko juu hapakuwa na usalama, shule ya kwao ilifungwa kwa kukosa walimu, na mama yake, aliyeumwa mgongo, hakuwa na mwingine wa kumlimia. Sote wawili tulikuwa darasa la sita. Mwalimu wangu, Dativa, aliliandika jina la Vestina katika darasa letu, nami nikapewa kazi ya kumpelekea masomo.

Nieleze ilivyokuwa, maana watoto wangu hudhani kusoma ukiwa mbali kulizaliwa pamoja na simu. Jioni nilinakili kila kilichoandikwa ubaoni. Mama Furaha alipanda na daftari, Vestina akalisoma alipopumzika shambani, akafanya mazoezi, likashuka, na Mwalimu Dativa akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwanzoni nilikuwa mvivu. Kwenye hesabu za sehemu niliandika majibu tu. Likarudi na maneno makubwa pembeni: "Jibu nitalipata mwenyewe, dada. Nipe njia!" Niliona haya. Tangu siku hiyo niliandika kila hatua, na kwa kumweleza yeye nikaelewa mimi. Aliwahi kuuliza kwa nini mvuke wa chungu hugeuka maji kwenye kifuniko. Mwalimu aliliandika swali hilo ubaoni, darasa zima likalinakili.

Ukafika wakati wa kuandikisha majina ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Pasipo mtihani huo, hakuna sekondari. Vestina alishuka na wauza mboga, miguu imejaa udongo, tukaingia naye ofisini kwa mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita Direkta. Mwalimu Dativa akaweka mezani rundo la mazoezi. Direkta hakuligusa. Alifungua kitabu cha mahudhurio.

"Huyu mutoto haiko. Haiko, haiko, haiko. Mwaka muzima!"

"Lakini amesoma, Direkta," alisema Mwalimu. "Ni mi mwenyewe nimemusahihisha."

"Bon, sawa. Shule ni benchi, Mwalimu. Mu kikapu iko vitunguu tu."

Karani wake, aliyekaa pembeni, akacheka. Vestina akaweka mikono nyuma, akasema kwa adabu, "Direkta, benchi iko hapa miaka yote. Yenyewe imejua hesabu gani?"

Karani akameza kicheko chake. Direkta akalikata jina lake kwa mstari mmoja, kwa rula, ili upendeze.

Mchumia juani hulia kivulini, husema wahenga. Vestina alichumia juani kwelikweli, akanyimwa kivuli. Mimi, niliyekuwa nikisinzia kwenye benchi langu, nilifanya mtihani, nikaenda sekondari, leo nafundisha. Yeye alibaki na jembe. Sijawahi kulimeza jambo hili, na sitaki mtu aniambie eti ndiyo zilikuwa nyakati. Nyakati hazishiki rula.

Mwaka jana mwana wa mwisho wa Vestina, anayesoma shuleni kwangu, alivunjika mguu. Kwa wiki nyingi alisoma kitandani: masomo yaliingia kwenye simu, naye akatuma majibu. Nilifurahi mno, nikampigia Vestina kumwambia kwamba kijana hakupoteza kitu, kwamba kila siku aliyofungua somo shule ilimhesabu kuwa yupo.

"Walimuandika kama iko?" aliuliza. "Na kitanda chake iko huku kwangu?"

"Ndiyo, dada. Kila siku."

Nilimsikia akishusha pumzi.

"Kumbe iliwezekana," alisema. "Donc, basi, hawakutaka tu."